Ngozi ya Rehema, Sehemu ya Saba: Barafu Isiyo na Samaki

"Simamisha kisu!"

Ndiyo, ni sauti ile ile iliyotukata pumzi Jumamosi iliyopita. Rehema amelala chali juu ya meza ya upasuaji, tumbo limepakwa dawa ya kahawia, sindano ya ganzi bado hajadungwa, Dokta Blanchard amekwisha vaa glovu zake, na mlango wa chumba umefunguliwa kwa teke.

Wengi wenu mlibahatisha kwamba ni mume wake, Djamali. Mmekosa. Djamali yuko Kampene kwenye biashara ya dhahabu, na karatasi ya ruhusa aliitia saini huko huko bila kuuliza swali hata moja. Mnakumbuka jinsi Rehema alivyolia kwa furaha siku mpanda pikipiki alipomletea karatasi ile.

Aliyesimama mlangoni ni mama mkwe.

Mama Mwamini, miaka sabini na miwili, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, ndala moja mguuni na nyingine mkononi. Nyuma yake alikuwa Matata, kaka mkubwa wa Djamali, ameshika gunia.

"Nani alikubali mukate mutoto wangu?" Mama Mwamini alifoka.

"Mama, humu hatuingii na ndala," alisema Dokta Blanchard.

"Ndala! Ule mwili njo wangu, Dokta. Mimi njo nililisha ule mwili, kijiko kwa kijiko. Na leo munataka kuukata kama nyama ya soko, na mimi nasikia habari kwa muuza makaa!"

Muuguzi Gisèle alinyoosha mikono kama golikipa. Mama mzee akapita chini yake.

Sasa, kwa wewe uliyenunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitakueleza haraka na wengine mtanivumilia. Rehema anauza mafuta ya mawese katika soko la Kindu. Anayanunua Lokandu, yanapanda mto kwa pirogi, mitumbwi ya kasia. Miaka mitatu iliyopita alikuwa na kilo mia moja hamsini na moja, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umeanza kuila miguu yake. Akaambiwa: punguza au tutakata mguu. Akapunguza. Kila alfajiri alivuka mto Lualaba, akatembea mtaa wote wa Alunguli kwa miguu, akarudi sokoni kuuza, huku wenzake wakimcheka. Kilo sabini ziliondoka.

Mafuta yaliondoka, ngozi ikabaki. Inaning'inia kutoka kitovuni hadi mapajani, na kila asubuhi anaikunja na kuifunga kwa kikwembe kabla ya kutoka nyumbani. Chini ya mkunjo huo kuna joto, kuna jasho, kuna vidonda ambavyo vimeoza mara tatu kwa mwaka mmoja. Dokta Blanchard ametoka Kisangani kwa wiki moja tu kufanya kazi za namna hiyo. Leo ni siku ya mwisho. Kesho anapanda ndege, na hakuna anayejua kama atarudi.

Kuna msomaji mmoja wa Mikelenge ameniandikia kwamba Rehema anatafuta urembo tu, na kwamba mwanamke wa umri wake angetulia. Bwana, jifunge gunia la mihogo mibichi tumboni, tembea nalo siku tatu juani bila kulivua, kisha niandikie tena. Barua yako nitaisoma.

Turudi ndani.

"Mama," alisema Rehema kutoka mezani. Hakuinuka. "Sikukuambia juu nilijua utakataa."

"Na nakataa!"

"Juu ya nini?"

"Juu ya nini?" Mama Mwamini alisogea hadi mezani, na sauti ikashuka. "Umesahau siku nilikuokota kwa kivuko? Umesahau?"

Hakuna aliyesahau. Ilikuwa mwaka ambao vita vililegea kidogo na watu wakaanza kutoka porini. Kabla ya hapo Kindu ilikuwa imefungwa pande zote: treni haiingii, mashamba hayaendeki, kilo ya chumvi ni ndoto. Rehema alikuwa na miaka kumi na minane alipokimbilia pori la upande wa Lokandu na mdogo wake, Naomie. Walikwenda wawili, akarudi mmoja. Mama Mwamini alimkuta ameketi kando ya maji, mifupa na macho tu, akamchukua nyumbani kwake kabla hata ya kumuuliza jina. Akamlisha uji, kisha sombe ya majani ya mihogo, kisha samaki. Miaka miwili baadaye akamwoza kwa mtoto wake wa pili, Djamali.

"Ulikuwa mwepesi kuliko kuku," alisema Mama Mwamini. "Nilikuweka mwili. Watu wa mtaa walipita wanasema, ee, kwa Mwamini vita imeisha kweli. Sasa ulikonda, wakasema uko na sida, ukimwi. Nikanyamaza. Wakasema tunakunyima chakula. Nikanyamaza. Na hiki kidogo kimebaki, kazi ya mikono yangu, unataka wakitupe mu ndoo?"

Dokta Blanchard aliangalia vidole vyake.

Rehema alimpenda mwanamke huyu kuliko mtu yeyote aliye hai, na ndiyo sababu maneno yaliyofuata yalimuuma kuyatoa.

"Mama, ulinilisha, nikapona. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimepona kabisa. Ile miaka ingine yote nilikula nikiwa nimeshiba. Unajua nilikuwa ninalisha nani?"

Rehema alimshika mkono.

"Naomie. Sahani ya kwanza yangu, ya pili yake. Alikufa na tumbo tupu mikononi mwangu, na mimi nikakula kwa ajili yake miaka kumi na nane. Hakushiba hata siku moja, Mama. Mimi njo niliugua. Sasa nimemuaga. Hii ngozi si chakula yako. Ni sahani ya Naomie imebaki mezani, na mimi nataka kuiondoa."

Machozi yalimtoka Mama Mwamini, yakafuata mikunjo ya mashavu hadi kidevuni. Na hapo ndipo Matata, ambaye tangu aingie hakuwa amefungua kinywa, aliposogea mbele kwa adabu zote.

"Mama, tusipigane mbele ya muganga," alisema. "Acha shemeji akatwe, anateseka. Lakini desturi tufuate. Kitu inatoka ku mwili wa muntu haibaki hospitali. Inarudi nyumbani, inazikwa nyuma ya nyumba. Si njo vile?"

"Njo vile," alisema Mama Mwamini, akijifuta na upindo wa kikwembe.

"Wewe uko muzee, Mama, hautaweza kubeba. Mimi nitabeba. Wanipe mukononi, niipeleke nyumbani, wewe utazika."

Ah! Matata huyu! Matata tuliyemuona katika sehemu ya tatu akimwita Rehema puto lililopasuka, leo amekuwa mpatanishi. Dokta Blanchard alipumua. Gisèle alishusha mikono. Mama Mwamini alitikisa kichwa taratibu, kukubali. Hata Rehema alikuwa amekwisha fungua kinywa ili amshukuru shemeji yake.

Tone.

Rehema alifunga kinywa.

Tone. Tone.

Kichwa chake kilikuwa kimegeuka upande, shavu juu ya meza, na macho yake yalikuwa kwenye usawa wa gunia la Matata. Chini ya gunia, juu ya saruji iliyopigwa deki asubuhi ile, kulikuwa na dimbwi dogo la maji.

"Shemeji," alisema, "gunia yako inatoa maji."

"Ni samaki tu. Nilinunua njiani."

"Samaki ya wapi?"

"Ya Lokandu."

Kosa lako, Matata! Ungesema samaki wa bwawa, ungesema kuku, ungesema nguo zako zimelowa. Umemtajia Lokandu mwanamke ambaye kila pirogi inayotoka huko anaijua kwa jina la mwenye kasia.

"Ni siku tatu hakuna pirogi imepanda toka Lokandu," alisema Rehema. "Mafuta yangu yamekwama kule. Na hiyo samaki yako haina harufu. Mimi nimelala karibu kuliko wote na sisikii harufu."

"Iko na barafu mingi..."

"Ee, barafu." Rehema aliinuka kwa kiwiko. Ngozi ya tumbo ilimporomoka upande mmoja wa meza na hakujali nani anaiona. "Mama alikuja na ndala moja mukononi juu ya haraka. Wewe ulitoka naye nyumba moja, saa ile ile. Barafu Kindu haiokotwi njiani, inatafutwa, inangojewa. Ulitafuta saa ngapi, shemeji? Mutu anakuja kusindikiza mama yake kukataza operasio, na anakuja na barafu tayari?"

Matata alirudi nyuma hatua moja. Gisèle, safari hii, aliziba mlango sawasawa.

"Matata," alisema Mama Mwamini, polepole. "Iko nini mule?"

"Mama..."

"Barafu ya nini?"

"Ili isioze!" Likamtoka. "Isioze njiani, Mama! Kuko patron moja, mwenye shimo ya dhahabu kule Kampene. Anasema ngozi ya mutu aliyenenepa sana, akarudia kukonda, na hakukufa, ukiizika chini ya shimo, dhahabu inapanda yenyewe. Anaitaka. Tutazika kidogo nyuma ya nyumba, Mama, na kidogo..."

Hakumaliza. Ile ndala ya mkononi hatimaye ilipata kazi. Ilimpata Matata shavuni, ikampata sikioni, ikampata mgongoni alipogeuka, na mama mwenye miaka sabini na miwili hakuonyesha dalili ya kuchoka.

"Uuze mutoto wangu? Nipitishe miaka ya vita sikuuza hata sufuria, wewe uuze ngozi ya mutoto wangu kwa wajinga wa shimo?"

"Si wazo yangu peke yangu!" alipiga kelele Matata.

Kisha akajishika mdomo.

Mliliona hilo? Rehema aliliona. Lakini Matata alikuwa ameshampita Gisèle chini ya kwapa, akakimbia koridoni, na gunia likabaki pale pale linatoa maji.

Mama Mwamini alisimama katikati ya chumba, kifua kikipanda na kushuka. Aliweka ndala chini, akaivaa, akaona anasimama na ndala chumba cha upasuaji, akazivua zote mbili.

"Dokta," alisema, "ile karatasi iko wapi?"

"Karatasi iko sawa, Mama. Bwana yake alisaini."

"Na mimi natia dole. Hapo, karibu na jina ya Djamali. Na mukimaliza, ngozi munanipa mimi, mikono hii. Hakuna mwanaume atagusa."

Gisèle alileta kidau cha wino. Rehema aliangalia dole gumba la mama mkwe wake likishuka kwenye karatasi, na moyo wake ukajaa. Hata hivyo, yeye si mtu wa kuacha jambo nusu.

"Mama, ninakuheshimu. Lakini ujue, hata ungekataa ningekatwa."

"Najua," alisema Mama Mwamini, akipangusa dole kwenye kikwembe. "Njo maana natia dole. Nisibaki nje peke yangu."

Akachukua gunia, akatoka, akaketi koridoni kungoja.

Saa nne na dakika ishirini. Rehema alikaa kitako pembeni mwa meza, mgongo umepinda, kichwa begani kwa Gisèle, na Dokta Blanchard akamdunga sindano ya mgongo. Hatalala, atakuwa macho muda wote. Joto lilimshuka miguuni, kisha joto likaondoka, kisha miguu yenyewe. Wakamlaza. Wakatundika shuka mbele ya kifua chake ili asione.

"Unasikia hapa?"

"Nasikia unagusa. Sisikii uchungu."

"Na hapa?"

"Hapana kitu."

"Vizuri. Tuanze."

Gisèle alinyoosha mkono kwenye sinia la vyuma. Na mlango ukafunguka tena, lakini si kwa teke. Ulifunguka kidogo tu, na uso wa Mama Mwamini ukaonekana, na uso ule ulikuwa umebadilika rangi.

"Rehema."

"Mama?"

"Nilifungua gunia. Nilisema barafu ni barafu, tusiitupe, tutaitumia. Hii kamba nani alisuka?"

Aliinua sanduku la plastiki, la buluu, la kuwekea barafu. Kwenye mpini wake kulikuwa na kamba iliyosukwa kwa vipande vitatu vya kikwembe, chekundu, cha manjano na cheusi, na mwishoni fundo dogo la mara mbili.

Rehema alilitambua fundo lile. Fundo lile analifunga kila siku kwenye madumu yake ya mafuta. Kamba ile aliisuka kwa vidole vyake mwenyewe, akikaa kizingitini, usiku wa kuamkia safari, ili mtu wake asipoteze sanduku lake huko migodini. Lilitoka Kindu wiki tano zilizopita juu ya pikipiki, na aliyelibeba hakuwa Matata.

Alikuwa Djamali.

Djamali aliyetia saini bila kuuliza swali hata moja, kisha akamtumia kaka yake sanduku. Hakuuliza itauma vipi. Hakuuliza nani atamuuguza. Hakuuliza kama atapona. Na Rehema alikuwa ameikumbatia karatasi ile kifuani, akawaambia wenzake sokoni: muone, mume wangu ananiamini! Aliumia, msomaji. Aliumia mahali ambapo sindano ya Dokta Blanchard haifiki.

Nje, uani, pikipiki ilizimwa. Mtu alimsalimia mlinzi kwa sauti ya uchangamfu, na mlinzi akajibu, "Karibu, papa Djamali! Umetoka Kampene leo?"

Gisèle alimtazama dokta. Dokta alimtazama Rehema juu ya shuka.

"Mama Rehema, sikiliza," alisema polepole. "Bado sijakata. Dawa itaisha kwa masaa mawili, utasimama, utaenda kuongea na bwana yako. Naweza kuacha. Lakini kesho siko hapa."

Hatua za viatu zilikuwa zimeingia koridoni. Rehema aliamuru miguu yake isogee. Haikusogea. Alikuwa amelala pale, nusu mtu, uchi chini ya shuka la kijani, na mume wake anakuja. Machozi yalitaka kutoka. Aliyakataza, na, kwa kuwa ni Rehema, yalitii.

"Dokta, ile karatasi unaiona?"

"Naiona."

"Jina ya kwanza, pale juu, mbele ya jina ya Djamali, mbele ya dole ya Mama. Iko jina ya nani?"

Dokta Blanchard aliangalia.

"Iko yako."

"Basi. Njaa ilinipunguza, sikuulizwa. Vita ilinichukulia Naomie, sikuulizwa. Leo njo mara ya kwanza kitu inatoka kwangu na mimi nimesema ndiyo. Miguu yangu imelala lakini mdomo uko macho. Kata, Dokta. Kata yote, usibakishe ya kuuza. Mama, funga mulango."

Mlango ulifungwa. Taa kubwa ikawashwa. Chuma kikagonga sinia.

Koridoni, Mama Mwamini aliliweka sanduku la buluu chini, akaliegemeza kwenye mlango, na akaketi juu yake, miguu mitupu kwenye saruji.

"Mama!" Sauti ya Djamali ilikuwa tamu kama siku aliyoposa. "Shikamoo, Mama. Nimekimbia njia yote. Ondoka kidogo nimuone bibi yangu kabla wamukate."

Ndani, Rehema alifumba macho na kusikiliza. Alihisi mkono wa dokta ukibonyeza, mbali, kama mtu anayebisha nyumba ya jirani.

"Marahaba, mwanangu," Mama Mwamini alijibu, na hakuinuka. "Keti hapa chini, karibu na mimi. Utaniambia kwanza hii barafu yako ilikuwa ya samaki gani."